Dokezo Lijitaje Lenyewe: Kuhifadhi na Kupata Maandishi ya Simu Bila Folda

Msimu wa kupanda ukikaribia, mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma aliyesajiliwa kwa mbolea ya ruzuku hupokea nambari yake ya vocha kwa ujumbe mfupi wa simu. Kabla hajafika kwenye bohari ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB), Kitale au Bungoma mjini, jumbe nyingine tele zimeshaingia juu ya ule: za M-Pesa, za bando, za karo, za chama, za kamari. Akisimama mbele ya karani anatakiwa autoe ule mmoja. Mwaka 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 iliteremshwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500, lakini punguzo hilo ni la mwenye kuonyesha nambari. Wako wanaopandisha na kushusha kidole mpaka foleni nzima ianze kuguna. Wako wanaobonyeza alama ya kutafuta, wakaandika neno moja na kumaliza. Anayefungua folda hayuko, maana sanduku la jumbe halina folda.

Mjadala wa kupanga maandishi ya kidijitali uanzie hapo. Wauzaji wa programu za madokezo hulitangaza wazo la kuachana na folda kana kwamba ni ugunduzi wa juzi, ilhali ghala la maandishi linalotumika zaidi katika miji hii miwili halitegemei folda. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini katika ghala hilohilo ujumbe mmoja hupatikana kwa sekunde tatu na mwingine haupatikani kabisa.

Jibu liko ndani ya ujumbe wa M-Pesa. Tangu huduma hiyo ianzishwe Machi 2007, kila muamala huacha maandishi ya mpangilio uleule: msimbo wa herufi na tarakimu, kiasi, jina, tarehe, saa, salio. Mwenye duka la pembejeo akidai hakulipwa, mteja huandika jina lake, au kiasi, na ushahidi ukatokea hapo hapo. Hakuna aliyewahi kumwambia mteja apange jumbe zake kwa mafungu. Kazi ya kupanga ilifanywa na mashine wakati wa kuandika, si na binadamu wakati wa kuhifadhi. Sasa linganisha na dokezo tunalojiandikia wenyewe: «Usisahau ile ya Jumanne.» Baada ya mwezi mmoja dokezo hilo haliwezi kuokolewa na chombo chochote cha kutafuta, kwa kuwa ndani yake hamna neno hata moja ambalo mwenyewe angelikumbuka akilihitaji.

Msimamo wangu ni huu. Folda zinaweza kuachwa, tena kwa faida, na mtu aliye tayari kugharamika kidogo anapoandika: jina la mtu, jina la mahali, kiasi, jambo lenyewe. Anayeacha folda asigharamike hivyo anarundika tu, na rundo la simu ni baya kuliko la karatasi kwa sababu halionekani likikua.

Folda yenyewe ilitoka ofisini. Kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981 ndiyo iliyouza kwanza picha ya meza yenye majalada na makabati, na Macintosh ya mwaka 1984 ikaieneza. Wakenya hatuhitaji kuelezwa asili yake. Tumekulia kwenye madirisha ya masjala tukiambiwa faili haionekani. Mara nyingi faili ipo. Iko juu ya meza ya afisa mwingine, na kwa kuwa ni moja, haiwezi kuwa kwake na masjalani kwa wakati mmoja. Hiyo ni sheria ya karatasi, na Webuye, walikotengeneza karatasi tangu miaka ya 1970 mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, wanaijua karatasi kuliko wengi wetu. Kwenye kompyuta sheria hiyo haina sababu ya kuwepo, ila tuliihamisha pamoja na picha ya jalada. Mwamerika Vannevar Bush aliilalamikia mapema, Julai 1945, katika jarida la The Atlantic Monthly: kitu kikipangwa kwa mafungu na mafungu madogo hukaa mahali pamoja tu, na anayekitaka lazima apite njia ileile aliyopita aliyekiweka.

Tuchukue mfano wa hapa. Viwavijeshi vamizi viliingia Kenya mwaka 2017, na mashamba ya magharibi yakawa miongoni mwa ya kwanza kuumia. Tuseme mkulima wa Kiminini alipiga picha jani lililotobolewa katika shamba lake la mtoni, alikokuwa amepanda mbegu ya 614 ya Kenya Seed, kisha akachukua dawa kwa mkopo kwenye agroveti. Picha hiyo iende folda gani? Wadudu? Mbegu? Madeni? Shamba la mtoni? Jioni ile jibu ni rahisi, kwani akilini mwake mna viwavi tu, na picha inaingia kwenye «Wadudu». Mwaka unapita. Sasa anataka kujua kama mbegu ya 614 ilihimili vizuri kule mtoni, au mwenye agroveti amemjia na daftari. Anafungua «Mbegu», anafungua «Madeni», hakuna kitu. Folda humtaka anayeweka akisie fikra za atakayekuja kutafuta, na ingawa ni mtu yuleyule, mahitaji yake yamebadilika.

Kitale pana mfano mwingine, wa zamani zaidi. Makumbusho ya mjini hapo yalitokana na mkusanyo wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mpenzi wa viumbe aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926 na kuendelea kukusanya wadudu, wanyama na vitabu hadi alipofariki mwaka 1966. Mkusanyo wake ulirithiwa na taifa, na jengo la sasa likafunguliwa Desemba 1974. Wakusanyaji wa wadudu duniani kote wana kanuni moja isiyo na msamaha: kila mdudu achomwe pini, na kwenye pini hiyohiyo, chini ya mdudu, kuwe na kikaratasi chenye mahali alipokamatwa, tarehe, na jina la aliyemkamata. Droo ni jambo la baadaye. Wataalamu hubadilisha uainishaji kila kukicha. Kipepeo aliyekuwa jamii hii huhamishiwa ile, na droo zikapangwa upya. Kikaratasi hakiguswi. Mdudu aliyepoteza kikaratasi hana tena thamani ya kisayansi, hata akiwa ndani ya droo sahihi, na aliye nacho hubaki na thamani hata akiangukia droo isiyo yake.

Wenye madokezo ya simu wangejifunza hapo kuliko kwenye video za kufundisha matumizi ya programu. Habari inayomtambulisha mdudu imechomwa naye pamoja, haikuandikwa mlangoni mwa chumba alimowekwa.

Watafiti wamelipima suala hili, na matokeo yao hayaupi ushindi upande mmoja. Mwaka 2011 Steve Whittaker na wenzake wa maabara ya IBM walichapisha utafiti wa watumiaji 345 wa barua pepe na vitendo zaidi ya 85,000 vya kutafuta barua za zamani. Waliopanga barua zao katika folda hawakufanikiwa zaidi kuzipata kuliko wasiopanga. Kupitia folda kulichukua karibu dakika nzima kwa wastani, na kutafuta kwa neno kulichukua chini ya sekunde 20. Muda uliotumika kupanga ulipotea bure. Gmail ilikuwa imeshauchezea kamari mwelekeo huo tangu Aprili 2004, ilipoanza na lebo badala ya folda, hivyo barua moja ikaweza kubeba lebo tatu bila kunakiliwa.

Upande wa pili yupo Ofer Bergman wa Israeli, ambaye kwa miaka mingi ameonyesha kwamba kwa faili za kompyuta watu huendelea kupenda kupita folda hata wakipewa chombo kizuri cha kutafuta. Kutafuta kwao ni njia ya mwisho, wakisahau kitu kilipo. Mwaka 2015 kikundi alichokuwemo kilitazama ubongo wa watu wakiwa kazini na kukuta kwamba kupita ndani ya folda huamsha sehemu zilezile zinazotumika mtu anapotembea katika mahali halisi, ilhali kutafuta kwa neno huamsha sehemu za lugha. Ndiyo maana mtu anaweza kufungua folda tatu huku anazungumza na mteja, lakini akitaka kuandika neno la kutafuta husema, «Subiri kidogo.»

Tofauti hiyo kwangu ina maana kubwa. Anayetafuta bila folda anategemea lugha. Na lugha ya kutafutia ikiwa Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wanaochanganya na Kibukusu, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja, matatizo yanaanza ambayo vitabu vya nje havijayagusa.

La kwanza ni la watu wote. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wawili wakiombwa kukipa kitu jina, uwezekano wa kuchagua neno lilelile ni chini ya asilimia 20. Walipima watu wa lugha moja. Mwalimu wa Bungoma anayeandika kuhusu pesa alizompa jirani ana maneno ya kuchagua zaidi ya hao: deni, mkopo, namdai, nilimkopesha, nilimwazima, loni, hajarudisha. Siku ya kutafuta ataandika «deni», na simu itamwambia hakuna kitu, wakati dokezo lenye «Namdai Wekesa 4,000» limelala palepale.

La pili ni letu wenyewe. Neno la Kiingereza hubadilika mkiani, na mwanzo wake hutulia. Kanuni maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980, iliyokuwa msingi wa vyombo vingi vya kutafutia, hukata mikia tu. Programu nyingi zimejengwa juu ya dhana hiyohiyo: huligawa andiko kuwa maneno, kisha huangalia neno linaanza na herufi zipi. Kiswahili hufanya kinyume. Mzizi wa kulipa umefichwa katikati: nimelipa, atalipa, hawajalipwa, tulilipiana, malipo. Ukiandika «lipa» kwenye programu inayoangalia mwanzo wa neno, haitakuletea hata moja kati ya hayo matano. Nomino nazo zina hila yake. Kitabu kikiwa vitabu kimepotea. Mteja akiwa wateja amepotea. Mche ukiwa miche, vivyo hivyo. Programu nyingine hutafuta herufi popote zilipo ndani ya neno, na hizo humfaa Mswahili zaidi. Jaribio ni jepesi: andika dokezo lenye neno «nimelipa», kisha tafuta «lipa». Lisipotokea, umeshaijua simu yako ilijengwa kwa ajili ya nani.

Kuna na kijitatizo cha kuchekesha. Ng'ombe. Kibodi ya simu moja huweka ritifaa iliyonyooka, nyingine huweka iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Mtu mwenyewe kwa haraka huandika «ngombe» bila alama yoyote. Kwa mfugaji, ambaye ng'ombe ni maandishi ya kila siku (chanjo, maziwa, mimba, kupe), hasara hii ni ya kweli. Tafuta «ombe» kama programu yako inakubali kuingia katikati ya neno, la sivyo jizoeze kuandika jina la ng'ombe mwenyewe.

Dawa ya matatizo haya si ngumu, ila inataka nidhamu. Kila dokezo lianze na nomino isiyobadilika kati ya umoja na wingi. Kiswahili kimetupa nyingi, na bahati nzuri ndizo za kazi za kila siku: mbolea, mbegu, dawa, karo, risiti, kuku, nyumba, barua, simu. Kwa pesa chagua neno moja na ulishike. Ukichagua «deni» basi hata ukiendelea kuandika «namdai» au «nimemkopesha», neno «deni» litangulie. Jina la mtu liandikwe kamili kwa njia moja, pamoja na kinachomtofautisha, kwa sababu Bungoma ina akina Wafula wengi mno kwa neno «Wafula» kuwa msaada. «Deni. Wafula fundi bomba, Kanduyi, 1,500, mfereji wa nyuma.» Andiko hilo litapatikana kwa njia sita, na liliandikwa kwa muda usiotosha hata kufikiria folda.

Alama ya reli ni ndugu wa lebo, na wengi huitumia vibaya. Mtu huanza na #shamba, wiki ijayo #mashamba, kisha #kilimo, mwisho ana lebo 40 zinazozaana kuliko folda alizozikimbia. Lebo ifanye kazi ambayo maneno ya kawaida hayawezi: kuonyesha hali ya jambo. Dokezo lenyewe haliwezi kusema kwamba halijakamilika. Lebo ya «bado» husema. Lebo tatu au nne za namna hiyo zinatosha. Mfanyabiashara anayetumia WhatsApp ya biashara, iliyotoka mwaka 2018, anazo lebo za kuwabandika wateja, na ukichunguza utaona zinazodumu ni zilezile za hali: amelipa, anangoja, mzigo umetoka.

Tumezungumzia maneno, na wakati ndiyo njia ambayo mwili wenyewe huikumbuka kuliko jina. Mtu husahau alichokiita kitu lakini anajua ilikuwa kabla ya uchaguzi wa 2022, au baada ya mvua ya kwanza. Wabukusu wamepanga watu kwa njia hii kwa vizazi. Kuna marika manane yanayozunguka, miongoni mwao Bakolongolo, Bamaina, Bachuma na Basawa, na rika moja hurudi baada ya takriban karne. Tohara hufanywa Agosti ya mwaka wa shufwa, na mzee akiambiwa rika na mwaka wa mtu anajua amweke wapi bila kuuliza cheti. Majina ya utotoni hubeba msimu, Wekesa wa mavuno, Wafula wa mvua, Simiyu wa kiangazi. Hakuna kabati hapo. Kuna mstari wa wakati na alama juu yake. David Gelernter na Eric Freeman wa Chuo Kikuu cha Yale walipendekeza katikati ya miaka ya 1990 kwamba kompyuta nzima ipangwe kama mkondo wa wakati, wa leo juu, wa jana chini. Kompyuta hazikuwafuata. Simu ziliwafuata: sanduku la jumbe, picha, mazungumzo ya WhatsApp, yote ni mikondo ya namna hiyo.

Udhaifu wa mkondo ni kwamba simu huweka tarehe ya kuandika, na tarehe ya tukio ni nyingine. Chanjo ya ng'ombe iliyofanywa Jumamosi ikaandikwa Jumatano itakaa Jumatano. Kwa hiyo tarehe ya tukio iandikwe ndani, mwaka ukitangulia: 2025-03-14. Ukiandika hivyo kila mara, kutafuta «2025-03» hukuletea mwezi mzima wa kupanda. Vilevile saa: simu husema 14:00 na wewe unasema saa nane. Chagua moja kwenye maandishi.

Viungo, yaani dokezo moja kulitaja jingine, nitavipitia upesi, maana vimeandikwa sana na vinafaa wachache. Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha vikaratasi kama 90,000, kila kimoja na nambari isiyobadilika, na vikitajana kwa nambari hizo. Programu za leo kama Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, zinamwiga. Kwa mwandishi wa tasnifu pale Chuo Kikuu cha Kibabii njia hii ni dhahabu. Kwa mwenye duka la nafaka ni kazi bila malipo. Lakini kiini chake, nambari isiyohama, kinamfaa kila mtu, na kila mwenye ardhi Bungoma anakijua. Kiwanja kilichosajiliwa chini ya East Bukusu/South Kanduyi kina nambari yake. Kikigawanywa, nambari ile hufungwa na vipande vipya hupewa nambari mpya. Haitumiki tena kwa kipande kingine. Anayeandika kuhusu shamba aitumie nambari hiyo badala ya «shamba la mzee», kwani watoto wakirithi kila mmoja atakuwa na mzee wake.

Kinachovunja mpango wote huu ni sauti na picha. Watu wetu hupenda kurekodi sauti, na ni haki yao. Kuongea ni kwepesi kuliko kuchapa, hasa mikono ikiwa na udongo. Lakini sauti haitafutiki. WhatsApp ilipoleta huduma ya kugeuza sauti kuwa maandishi mwishoni mwa mwaka 2024 ilianza na lugha chache, na Kiswahili hakikuwemo. Picha zina nafuu kidogo: Google Photos husoma maandishi yaliyochapwa ndani ya picha, ingawa risiti ya agroveti iliyoandikwa kwa mkono, kalamu ikiwa imekauka nusu, huishinda. Suluhisho ni dakika moja: ukirekodi au kupiga picha, jitumie mwenyewe kwa WhatsApp, jambo linalowezekana waziwazi tangu Novemba 2022, kisha andika chini yake mstari mmoja wa maneno. Hicho ndicho kikaratasi cha pini. Picha isiyo na mstari huo ihesabu kwamba umeipoteza, hata kama bado inakula nafasi ya simu.

Watu huniuliza kama akili bandia haitamaliza haya yote. Inasaidia kwa upande wa maana: hujua kwamba «namdai» na «deni» ni jambo moja. Mara nyingi inadai vitu viwili, bando na kukubali madokezo yako yaende kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa mwalimu mwenye alama za wanafunzi, au karani wa chama mwenye orodha ya wadaiwa, hilo la pili si dogo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na data za watu wengine si zako kuzigawa. Hata kwa data zako mwenyewe, kumbuka kwamba chombo cha kutafuta hakimtambui mwenye simu. Aliyeiba simu iliyofunguliwa naye huandika «PIN» akaona kinachotokea. Nywila na namba za siri zisiwe dokezo, kwa njia yoyote ile ya kupanga.

Folda basi ife? Hapana, na hapa ndipo wafuasi wa «kutafuta tu» wanapojidanganya. Kutafuta kwa neno hutegemea kumbukumbu ya aliyeandika. Mtu akifariki, maneno yake ya kutafutia huzikwa naye. Mjane anayefuatilia mirathi hawezi kujua kwamba marehemu aliiandika hati ya shamba kwa jina la utani la jirani. Anachoweza ni kufungua kitu kilichoandikwa «Hati za ardhi» na kutazama. Ndivyo ilivyo kwa mweka hazina wa chama anayemkabidhi mwenzake, au katibu wa shule anayehamishwa. Hati chache ambazo wengine watazihitaji bila wewe kuwepo, yaani hati miliki, vyeti, mikataba, bima, risiti za kodi, ziwe na folda, zenye majina ya wazi, na zisizidi zinazoonekana kwenye skrini moja. Ziwe pia na nakala nje ya simu. Tangu mwaka 2024 akiba ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure za Google, kwa hiyo anayedhani mazungumzo yake yanajihifadhi bila kikomo akaangalie leo. Zikijaa, akiba husimama, na simu ikiangukia mtaroni mkondo wote umekwenda.

Mengineyo yote, ambayo ni mengi zaidi mara mia, hayahitaji kabati. Wasomaji wanaweza kuanza bila kupakua chochote na bila kupanga upya ya zamani. Ya zamani yaacheni yalivyo, yatatafutwa machache na mengi hayatatafutwa kamwe.

Lililobaki ni la wajenzi. Tumeufundisha mkono wa mwandishi kufidia upungufu wa programu, na hilo ni la muda. Uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili hadi kwenye mzizi umekuwepo miaka mingi: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuujenga miaka ya 1980, na mfumo wake huweza kuona kulipa ndani ya «hawajalipwa». Programu ya madokezo ya simu ya bei rahisi, inayotafuta kwa mzizi, isiyojali ritifaa imepinda au imenyooka, na inayofanya kazi bila bando, haihitaji ugunduzi wowote mpya. Mwanafunzi wa kompyuta wa Kibabii anayesaka mradi wa mwaka wa mwisho asituletee mfumo mwingine wa kusimamia maktaba. Atutengenezee hii.